Kotisoli au amilesi? Kuchagua kipimo cha mate kwa wagonjwa wa Parkinson na wa kusahau, Unguja na Pemba

Kama unataka kupima msongo wa mgonjwa kwa mate yake, na fedha ulizonazo zinatosha kipimo kimoja tu, chukua kotisoli, homoni ya msongo, uache amilesi, kimeng'enya cha mate. Kama unasita kati ya mgonjwa kudondosha mate kwenye kichupa na kuwekewa pamba shavuni, chukua pamba, na ncha yake ishikwe na mtu mwengine. Na kama hujui uyachukue mate alfajiri au alasiri, ngoja alasiri. Hayo ndiyo majibu yangu. Yaliyobaki ni sababu, na mtu anayekwenda kubisha hodi nyumbani kwa mgonjwa anazihitaji sababu kuliko majibu, kwa kuwa kila jibu hapo juu lina mgonjwa ambaye halimfai.

Nimeulizwa jambo hili na watu watatu ndani ya mwaka mmoja. Mmoja ni mwanafunzi anayeandaa utafiti wake wa shahada. Wa pili ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayetaka kujua kama mazoezi yake yanawapunguzia wazee msongo. Wa tatu ni binti wa mjomba wangu kule Wete, ambaye baba yake ana Parkinson, mwaka wa sita huu. Yeye hakuwa na habari ya utafiti. Aliniambia, "Dada, baba hasemi kitu, na uso wake nao hausemi kitu. Hakuna kipimo cha kujua kama ndani anateseka?"

Nimekaa kuandika kwa sababu ya swali lake, ingawa jibu lake nimeliweka mwisho.

Kwa nini mate, na si damu wala nywele

Daktari wa London, James Parkinson, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817 kwa kutetemeka kwake na kwa mwendo wake wa kuinama mbele. Familia huona kitu chengine mapema: uso. Misuli hukakamaa, kope hupepesa kidogo, tabasamu huanza lisifike. Mzee anaweza kuwa na furaha au hofu na uso ukabaki ule ule. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, mambo ni kinyume. Uso bado unasema, lakini ukimuuliza kama juzi alikuwa na wasiwasi, juzi yenyewe haimo. Dodoso, ambalo kwa watu wengine ni njia nyepesi na mara nyingi ndiyo bora, hapa linakwama. Ndipo watu wanapogeukia mwili wenyewe useme.

Damu inasema, lakini kwa taabu. Sindano inaweza kuipandisha homoni ile ile unayotaka kuipima, na mkono unaotetemeka hauchomwi mara moja ukaisha. Tena zaidi ya asilimia 90 ya kotisoli iliyomo kwenye damu imeshikwa na protini na haifanyi kazi. Inayopenya mpaka kwenye mate ni ile iliyo huru, ndiyo inayofanya kazi mwilini. Watu hudhani mate ni damu ya maskini, kipimo cha mtu aliyekosa kipimo. Kwa swali hili sivyo.

Nywele nazo zina haki ya kutajwa. Sentimita moja ya unywele, kuanzia kwenye ngozi, hubeba kumbukumbu ya takriban mwezi mmoja wa kotisoli. Unaikata, unaitia kwenye bahasha, unaiweka kabatini. Hakuna friza, hakuna barafu. Lakini wazee wetu wengi wa kiume hunyoa kipara, na kina mama hutia piko, hina na dawa, na vitu hivyo pamoja na kuosha mara kwa mara huweza kuipunguza kotisoli iliyomo. Isitoshe, nywele hujibu swali la "miezi mitatu hii imekuwaje", haziwezi kukwambia asubuhi ya leo na usiku wa leo zimetofautianaje. Kama swali lako ni la miezi, na mgonjwa ana nywele zisizotiwa kitu, achana na mate bila kusita.

Kotisoli kwa upande huu, amilesi kwa upande ule

Zote mbili zimo kwenye mate yale yale, lakini zinatoka njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha uchaguzi.

Kotisoli ni homoni. Ubongo ukiona hatari, sehemu yake ya chini iitwayo haipothalamasi huiambia tezi ya pituitari, nayo pituitari huziambia tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, na hizo ndizo zinazomwaga kotisoli. Safari hii inachukua muda. Kwenye mate, kilele huonekana kiasi cha dakika 20 hadi 30 tangu jambo la kutisha lilipoanza. Kwa kuwa kotisoli huyeyuka kwenye mafuta, hupenya tezi za mate yenyewe, na mate yakiwa mengi au machache kiwango chake hakibadiliki sana. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Amilesi ni kimeng'enya cha kusaga wanga. Ndicho kinachofanya tonge la mkate likitafunwa kwa muda liwe na utamu. Hakitoki kwenye damu. Kinatengenezwa ndani ya tezi za mate zenyewe, zaidi ile kubwa iliyo mbele ya sikio, na kinamwagwa kwa amri ya neva zile zile zinazodundisha moyo mtu akishtuka. Kwa hiyo kinajibu haraka, ndani ya dakika chache. Kuna vifaa vya mkononi vinavyokisoma papo hapo, bila maabara. Nakiri kwamba kwa mtu anayefanya kazi Micheweni au Makunduchi, kipimo kisichohitaji friza kinavutia sana.

Sasa mweke mgonjwa wa Parkinson mbele ya kipimo hicho.

Kwanza, neva zinazoamuru amilesi ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa wenyewe huzichakaza. Ndiyo maana wagonjwa hawa hupata kizunguzungu wakisimama, choo kigumu na jasho lisilo na mpango. Pili, ile protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa wa Parkinson, alfa-sinukleini, imekutwa pia ndani ya tezi ya mate iliyo chini ya taya. Yaani ugonjwa umekaa kwenye kisima unachotaka kuteka maji. Tatu, dawa. Benzeksoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane, hukausha mate. Propranololi, ambayo wengine hupewa kwa ajili ya kutetemeka au presha, huzuia ile amri ya neva na kuishusha amilesi. Nne, amilesi hutegemea sana mate yanatoka kwa kasi gani, na kwa mgonjwa huyu kasi ya mate ndiyo kitu kisichotabirika kuliko vyote.

Bado kuna la tano, nalo linawagusa watu wote, wagonjwa na wazima. Binadamu hawana idadi sawa ya nakala za jeni ya amilesi. Mmoja ana mbili, mwengine ana kumi na zaidi, na mwenye nakala nyingi hutoa kimeng'enya kingi. Utafiti wa mwaka 2007 uliowahusisha Wahadza wa huku Tanzania ulionyesha kuwa jamii zinazokula wanga mwingi kwa kawaida zina nakala nyingi zaidi. Ukimpima mzee wa Tumbatu na mzee wa Chwaka, ukaona mmoja ana amilesi mara tatu ya mwenziwe, hujapima msongo. Huenda umepima babu zao walikula nini.

Kwa hiyo amilesi kwa mgonjwa wa Parkinson inaweza kupanda na kushuka kwa ajili ya neva, tezi, dawa, mate au nasaba, na msongo ukawa wa mwisho kwenye foleni. Amilesi naikubali mahali pawili. Kwanza, ikiwa unampima mtu mmoja kabla na baada ya tukio fupi, siku moja, dawa zile zile, na unamlinganisha na nafsi yake mwenyewe. Pili, ikiwa unayempima ni mlezi mwenye afya, si mgonjwa.

Kotisoli nayo haikosi mushkeli, na sitaki mtu adhani nimemchagulia kipimo safi. Tafiti kadhaa zimekuta wagonjwa wa Parkinson na wa Alzheimer, kwa wastani, wana kotisoli nyingi kuliko wenzao wa umri huo. Wepesi husema, "Kumbe wana msongo mwingi." Si lazima. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu na ambayo Alzheimer huishambulia mapema, ndiyo pia mojawapo ya breki za kotisoli. Breki ikiharibika, homoni hupanda hata kama mtu ametulia barazani anasikiliza redio. Dozi ya levodopa, dawa kuu ya Parkinson, imeonekana kuishusha kotisoli kwenye damu. Na hata kwa watu wazima wa afya, kiwango cha kotisoli na msongo anaousimulia mtu mwenyewe mara nyingi haviendi sambamba. Tofauti yangu ni hii: matatizo ya kotisoli unaweza kuyapangia. Unaandika saa ya dawa, unamlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, unatazama mteremko wa siku nzima badala ya namba moja. Matatizo ya amilesi kwa mgonjwa huyu yamo ndani ya kisima.

Kipo kipimo chengine cha mate, imunoglobulini A, protini ya kinga ya mwili. Kinategemea wingi wa mate kama amilesi, na bei yake kwetu haina maelezo. Nimekipita.

Saa ya kuchukua: hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika

Kotisoli ina mwendo wake wa siku. Baada ya kuamka hupanda, kwa wastani kiasi cha nusu juu ya ilivyokuwa, na kufika kilele dakika 30 hadi 45 baadaye. Kisha huteremka mchana kutwa mpaka chini kabisa karibu na usiku wa manane. Watafiti wengi wa Ulaya wanaupenda mpando huo wa asubuhi. Mwaka 2016 kundi la wataalamu lilitoa mwongozo wa namna ya kuupima: mate ya kwanza mtu anapofumbua macho, kisha dakika ya 30 na ya 45, na saa ihakikishwe kwa kifaa, kwa sababu kuchelewa kidogo tu kunapotosha kila kitu.

Uchukue mwongozo huo uende nao Kiuyu. Mzee anaamka kwa adhana ya Alfajiri, saa kumi na moja hivi. Anatia udhu, anapiga mswaki, anasukutua mara tatu. Anasali, anavuta uradi, kisha wengi hurudi kulala mpaka jua litoke. Kuamka kwake ni kupi? Kwa kwanza au kwa pili? Na ukisema kwa kwanza, kinywa kimeshasukutuliwa maji na fizi zimeshakwaruzwa na mswaki, na fizi za wazee zikikwaruzwa hutoka damu. Damu kidogo ndani ya mate inatosha kuharibu kipimo. Kumwambia mzee achelewe na udhu wake ili uchukue mate yako ni jambo ambalo mimi siwezi kulitamka, na sidhani kama linahitajika.

Tena mgonjwa wa Parkinson hulala kwa vipande. Anaamka saa saba, saa tisa, saa kumi. Na kwa mwenye kuharibika kwa hipokampasi, mpando huo wa asubuhi hupungua au hupotea, kwa hiyo unaweza kusumbua nyumba nzima ukapima ubongo badala ya msongo.

Ndiyo nikasema alasiri. Pendekezo langu ni mate ya mara tatu kwa siku, kwa siku mbili za kawaida: asubuhi kabla ya chai, wakati wa Alasiri, na usiku kabla ya kulala. Ya asubuhi na ya usiku yanakupa mteremko. Ya Alasiri yapo kwa sababu ndiyo saa tulivu, chakula cha mchana kimeshatulia, na chai ya jioni bado. Na ikiwa unaweza kupata moja tu, ichukue hiyo kila mara saa ile ile, usiifananishe na ya mtu mwengine.

Adhana itumike kama saa. Mlezi anaweza kusahau simu ndani, lakini adhana ya msikiti wa jirani haimpiti. Adhana ikianza tu, pamba mdomoni, kabla ya udhu. Sisi tuko karibu na ikweta, nyakati za sala hazihami sana kati ya Januari na Julai, na mwanga wa asubuhi ni karibu ule ule mwaka mzima. Hii ni neema ambayo mtafiti wa Stockholm hana. Yeye lazima ajiulize kama tofauti aliyoiona ni ya ugonjwa au ya giza la Disemba.

Hapa kuna kosa nililolishuhudia mwenyewe, na nalisema ili lisirudiwe. Fomu zilikuja zimeandikwa saa za Kizungu, walezi wakajaza saa za Kiswahili. Mwengine kaandika "saa 2" akikusudia asubuhi baada ya chai, aliyeingiza takwimu akaisoma kwa Kizungu, yaani saa nane usiku. Makosa ya saa sita hapa na pale, na mteremko mzima wa kotisoli ukawa mlima. Hakuna hesabu ya kompyuta inayolirudisha hilo. Fomu iseme "Alasiri", "kabla ya chai ya asubuhi", "kabla ya kulala", na saa iandikwe kwa Kiswahili ikiwa na neno asubuhi, mchana au usiku pembeni.

Ramadhani usipime, isipokuwa Ramadhani ndiyo swali lako. Daku, futari na usingizi wa mchana huhamisha mwendo wa kotisoli. Na mtu aliyefunga hastahili kuwekewa pamba mdomoni akakaa na wasiwasi kama saumu yake imesalimika. Wasiwasi huo nao ungepimwa.

Kudondosha au pamba

Vitabuni njia iliyosifiwa zaidi ni kudondosha: mtu anainamisha kichwa, anaacha mate yajikusanye, yanateremka kwa mrija mfupi mpaka kichupani. Mate yanakuwa halisi, hayakupita kwenye pamba, na yanaweza kupimwa vitu vingi baadaye. Mtu akisoma hivyo husema, mgonjwa wa Parkinson mate yanamtoka mwenyewe, kwa nini nihangaike na pamba?

Naomba msomaji akae kidogo hapa. Udenda wa Parkinson hautokani na mate mengi. Mara nyingi mgonjwa hutoa mate machache kuliko mtu mzima wa afya. Yanamwagika kwa sababu hamezi mara kwa mara kama zamani. Kinywa hicho hicho kinachochuruzika nje kinaweza kuwa kikavu ndani, zaidi akiwa anatumia benzeksoli. Na yale yanayochuruzika yamekaa mdomoni muda usiojulikana, yamechanganyika na mabaki ya chakula, hayakwambii kitu kuhusu saa hii.

Lakini si hilo tu. Mjomba wangu alikuwa mtu wa kofia iliyofuliwa na kupigwa pasi, mtu wa kukaa mbele kwenye maulidi. Udenda ndio kitu cha kwanza kilichomfanya aache kwenda barazani. Ana kitambaa mkononi muda wote na anakificha mtu akiingia. Kumwambia mzee kama huyu, "Shikamoo, inama hapa, uache mate yachuruzike mbele yetu," ni kumtia aibu kwenye kidonda chake. Aibu, tena aibu mbele ya watu, ni mojawapo ya vitu vinavyopandisha kotisoli kwa uhakika zaidi. Jaribio maarufu la msongo lililobuniwa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1993, limejengwa juu ya hilo: mtu anahutubia na kufanya hesabu kwa sauti mbele ya watu wasiotabasamu. Ukimdondosha mzee mate mbele ya mkwewe umemfanyia jaribio la Trier bila kumwambia.

Pamba ina hatari yake. Mgonjwa wa kusahau anaweza kuitafuna na kuimeza, na wa Parkinson anaweza kupaliwa. Kwa hiyo zisitumike zile pamba fupi za kutafunwa. Zipo ndefu zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo, ambazo ncha moja hubaki nje mkononi mwa mzazi. Hizo ndizo zinazofaa. Mke, mume au mtoto anakaa kando, si mbele, anaiweka kati ya shavu na fizi kwa dakika moja au mbili, anaitoa. Isiwe ya pamba asilia ikiwa unataka kupima vitu vyengine zaidi, kwa sababu pamba asilia huharibu baadhi ya vipimo vya homoni. Ya nyuzi za plastiki ni salama zaidi. Wala isitiwe ndimu wala kitu kikali cha kuvutia mate, kwani uchachu unavuruga kipimo. Kwa sababu hiyo hiyo, urojo, ukwaju na embe mbichi vikae mbali saa moja kabla.

Kwa mate makavu kabisa, usilazimishe. Maji ya kunywa dakika kumi kabla, mazungumzo mepesi, kisha jaribu tena. Kumbuka nililosema: kotisoli haijali sana mate yakiwa machache, na maabara huhitaji matone tu. Hapo ndipo kotisoli inapoishinda amilesi tena, ndani ya kinywa chenyewe.

Uliza haya kabla ya kuchukua

Vidonge vya prednisoloni na pampu za pumu zenye steroidi, dawa za jamii ya kotisoli, hubadilisha kipimo. Krimu za ngozi pia. Naomba hili lisionewe aibu kuulizwa, na waulizwe zaidi walezi wa kike: krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali zinazoweza kuzinyamazisha adrenali, na kidole chenye krimu ya haidrokotisoni kikigusa pamba, umepima krimu. Tambuu na uraibu wenye tumbaku huchochea mate na kuumiza fizi. Saa nzima ipite. Meno ya bandia yatolewe. Na saa ya dozi ya mwisho ya levodopa iandikwe kila mara, kwa sababu mgonjwa kabla ya dozi na baada ya dozi ni kama watu wawili.

Wengine hawatakuwa na dawa yoyote. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwahi kugunduliwa na daktari kabla ya hapo. Ukimkuta mtu wa namna hiyo kwenye shehia unayopita, kazi yako ya kwanza ni kumfikisha hospitali, Mnazi Mmoja au Chake Chake au Abdalla Mzee. Mate yangoje.

Kuhifadhi

Kotisoli ni mvumilivu. Ndani ya friji hukaa wiki nyingi, ndani ya friza hukaa zaidi. Kwenye joto la chumbani hupungua polepole, lakini chumba kinachosemwa vitabuni si chumba cha Pemba wakati wa kaskazi, na mate yaliyoachwa kwenye joto huota kuvu. Kutoka nyumba ya mgonjwa mpaka kituoni, deli lenye barafu linatosha. Kwa mwezi mmoja wa kukusanya, friji ya kawaida inatosha. Friza itafutwe kwa yatakayosubiri zaidi.

Umeme upangiwe. Pemba imeunganishwa na gridi ya Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na mambo yamekuwa bora kuliko zama za jenereta, lakini waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua friza iliyozimika miezi mitatu maana yake nini. Gawa kila sampuli vichupa viwili, viwekwe majengo mawili. Pemba haina uchanga katika kazi hii: Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi tangu mwaka 2000, na kisiwa kimeshahifadhi sampuli za wajawazito kwa utafiti wa nchi tatu uitwao AMANHI. Anza kwa kuwauliza watu kama hao kabla hujaagiza vifaa nje.

Na kibali cha kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar kitangulie, kisha sheha, kisha familia. Kwa mgonjwa wa kusahau, idhini ya familia haitoshi peke yake. Akigeuza uso pamba ikimkaribia, hilo ni jibu. Waelezeni watu mate yanakwenda wapi, yatapimwa nini na yatatupwa vipi. Mate ya mtu ni kitu chake, na watu wana haki ya kuogopa yakichukuliwa na mgeni na kupelekwa wasikojua.

Majibu ya wale watatu

Mwanafunzi nilimwambia kotisoli, pamba ndefu, mara tatu kwa siku mbili, na aongeze walezi. Wanaowauguza wagonjwa wa kusahau mara nyingi mteremko wao wa kotisoli huwa bapa kuliko wa wenzao, na mate yao hayana ugonjwa ndani yake. Huenda hapo ndipo atapata matokeo yaliyo safi zaidi kuliko kwa wagonjwa wenyewe.

Mtaalamu wa mazoezi nilimwambia asipime mate siku ya mazoezi, kwa sababu mazoezi makali yenyewe hupandisha kotisoli. Apime siku ya kupumzika, kabla hajaanza programu na wiki kadhaa baadaye, kila mzee alinganishwe na nafsi yake.

Binti wa mjomba nilimwambia asinunue kitu. Kwa mtu mmoja, namba moja au mbili za kotisoli hazitamwambia kama baba yake anateseka. Hospitali hutumia kotisoli ya mate ya usiku kutafuta ugonjwa wa Cushing, ambao ni jambo jengine kabisa. Lakini Parkinson ina kitu ambacho hakihitaji maabara: mtetemo huzidi mtu akiwa na hofu, haraka au wasiwasi, hata uso ukiwa umetulia. Nikamwambia atazame mkono wa kulia, ulioanza ugonjwa, aandike kwenye daftari unazidi saa ngapi na nani yupo.

Wiki mbili baadaye alinitumia picha ya daftari. Mkono ulizidi kila jioni wageni wakija kwa wingi, na kila mara mkaza mjomba alipomlisha kwa haraka ili awahi kupika. Wakihamisha kiti chake kutoka ukumbini kwenda kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, wenye upepo, na chakula kikiletwa kabla wageni hawajafika, mkono ulitulia. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu nyengine, mkaza mjomba alikuwa ameandika mistari yake mwenyewe: saa alizolala, na zilikuwa chache. Nimemwomba mwanafunzi yule aanze na nyumba hiyo, na kichupa cha kwanza kiwe cha mkaza mjomba.